Sindano Safi si Ruhusa ya Unga

Juma lililopita mama mmoja mtu mzima alinisimamisha katika kituo cha matatu hapa Mombasa. Alinitambua kwa sauti. "Mwanangu," akasema, "mbona redioni mwawasifu wanaowapa mateja sindano? Kijana wangu yumo. Mimi nataka aache, nyinyi mwampa silaha!"

Nilimsikiliza, maana uchungu wa mzazi haubishiwi. Lakini jambo hili lahitaji kuelezwa.

Unga wenyewe hauna virusi vya UKIMWI. Hatari imo katika sindano. Anayejidunga huvuta damu kidogo ndani ya bomba, apate kujua kama ameupata mshipa. Damu hiyo hubaki ndani, hata kama jicho haliioni. Mwenzake akipokea sindano ile, huitia damu hiyo mshipani mwake moja kwa moja. Virusi huweza kuishi ndani ya bomba kwa siku nyingi, na kulisuuza kwa maji matupu hakuondoi hatari. Homa ya ini aina ya C nayo hupita njia iyo hiyo. Wala virusi haviishii maskani, kwani mateja nao wana wake, waume na wachumba.

Mwaka 2012, serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, baadhi ya viongozi wa dini hapa Pwani waliupinga kwa hoja kama ya mama huyu. Hata hivyo, uzoefu wa nchi zilizotangulia waonyesha kwamba sindano safi hupunguza maambukizo bila kuongeza watumiaji. Tena anayefuata sindano hukutana na mhudumu. Hapo hupimwa, na akiwa na virusi huanzishiwa dawa. Aliye tayari huelekezwa kwenye methadoni, ambayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hiyo humwondolea arosto, na sindano akaiweka kando. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011. Kenya ilianza Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, kisha ikafika Pwani mwaka 2015.

Nikamwambia, "Mama, kijana wako ataacha, inshallah. Lakini kuacha huchukua muda, na wengi hujaribu zaidi ya mara moja. Siku atakayoacha, wamtaka awe mzima."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kliniki hiyo iko wapi, na hufunguliwa saa ngapi.