Hip-hop imejificha wapi ndani ya gemu la World of Warcraft?

Jitu la kijani lenye meno yaliyochomoza kama ya ngiri limesimama njiani, shoka mgongoni. Mbele yake anatokea binadamu mwenye upanga. Hawa wawili ni maadui, na kazi waliyopewa ni kupigana. Lakini jitu linaanza kucheza. Magoti yamekunjwa, miguu inakwenda haraka upande huu na upande ule. Binadamu anasita kidogo, kisha naye anacheza. Baada ya muda kila mmoja anashika njia yake, na hakuna aliyeumia.

Mambo ya namna hii yamewatokea wachezaji wengi wa gemu la World of Warcraft. Na kama umewahi kuona video za MC Hammer za mwaka 1990, hatua za jitu hilo utazitambua mara moja. Je, hip-hop ilifikaje katika nchi ya majitu na wachawi? Na kinachoonekana humo ni hip-hop kweli, au ni kivuli chake tu?

Kiswahili chetu kina neno moja la kucheza, iwe ni mpira, ngoma au gemu. Ili tusichanganye, katika makala hii tutasema "kucheza gemu" tukimaanisha kompyuta, na "kucheza dansi" tukimaanisha mwili.

Gemu lenyewe likoje?

World of Warcraft lilitolewa mwezi Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, Marekani. Si gemu la simu. Linahitaji kompyuta, intaneti ya kuaminika, na malipo ya kila mwezi ya karibu dola 15. Pamoja na gharama hiyo, mwaka 2010 lilipita wateja milioni 12 duniani.

Ukiingia, unachagua mtu wa kumwongoza, kisha unatembea katika nchi ya kubuni iitwayo Azeroth. Unaokutana nao njiani wengi ni watu halisi, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, pengine katika nchi nyingine. Watu wote wamegawanyika pande mbili zenye uhasama. Upande wa Alliance una binadamu na wenzao. Upande wa Horde una majitu ya kijani yaitwayo Orc, watu warefu wenye pembe za meno waitwao Troll, na wengineo.

Mchezaji anaweza kuandika amri fupi, na mtu wake akacheza dansi. Amri hiyo haina faida yoyote vitani. Haiongezi nguvu wala mali. Ipo kwa ajili ya raha tu.

Hip-hop ni zaidi ya muziki

Kabla ya kuitafuta, tujue tunachotafuta. Hip-hop ilizaliwa Bronx, mtaa wa watu maskini mjini New York. Siku inayotajwa sana ni tarehe 11 Agosti 1973. Siku hiyo kijana aliyeitwa Clive Campbell, maarufu kama DJ Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya dada yake kwenye jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick. Herc alizaliwa Jamaika, ambako kupiga muziki kwa spika kubwa uwanjani lilikuwa jambo la kawaida.

Herc aligundua kwamba watu huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Akatumia santuri mbili za wimbo mmoja, kipande kikiisha huku kinaanza kule, ili ngoma isikatike. Wacheza dansi walisubiri kipande hicho ndipo waingie uwanjani.

Kutokana na sherehe kama hizo zikatambuliwa nguzo nne: DJ anayepiga santuri, MC anayechana maneno, wacheza dansi, na wachoraji wa kuta. Baadaye ikaongezwa nguzo ya tano, maarifa. Maana yake ni kujijua wewe ni nani, umetoka wapi, na kitu ulichonacho umekipata kwa nani.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Bronx ya wakati ule ilijaa magenge ya vijana. Mwezi Desemba 1971 kijana aliyetumwa kupatanisha magenge, Cornell Benjamin, aliuawa. Badala ya kulipiza kisasi, viongozi wa magenge walikutana katika ukumbi wa barabara ya Hoe wakakubaliana amani. Mapatano hayo hayakumaliza kila ugomvi, lakini yalifungua njia za kupita mtaa mmoja hadi mwingine. Sherehe za hip-hop zilikuja katika hali hiyo. Vijana wa mitaa tofauti wakaweza kushindana kwa dansi na maneno, aliyeshindwa akarudi nyumbani mzima.

Tuipekue Azeroth

Sasa tuzichukue nguzo hizo moja moja tuone ipi imo.

DJ hayumo. Muziki wa Azeroth ni wa kinanda, fidla na tarumbeta, umeandikwa na kampuni, na mchezaji hawezi kuukata wala kuuunganisha upya.

MC anapata shida kubwa zaidi. Michano inahitaji mpinzani akuelewe, maana tusi lisiloeleweka haliumi na sifa isiyoeleweka haisifu. Waliotengeneza gemu waliamua kwamba Horde na Alliance wasielewane lugha. Mchezaji wa Horde akiandika "lol", yaani amecheka, mwenzake wa Alliance anaona "kek" kwenye kioo. Sentensi nzima inageuka kuwa maneno yasiyo na maana. Uamuzi huo ulikusudiwa kuwafanya maadui wabaki maadui.

Mchoraji wa kuta naye hana kazi. Ukuta wa Azeroth haushiki rangi ya mtu. Kinachokaribia ni kizibao cha chama: wachezaji wakiunda kundi lao, huchagua rangi na nembo ya kuvaa kifuani, kama makundi ya dansi ya Bronx yalivyovaa koti zenye jina mgongoni.

Inabaki nguzo ya dansi, na hapo kuna utajiri. Orc wa kiume anacheza mtindo wa MC Hammer. Binadamu wa kiume anacheza disko ya filamu ya Saturday Night Fever ya mwaka 1977. Wa kabila liitwalo Draenei anacheza kama Daler Mehndi, mwimbaji wa Kipunjabi wa India. Troll wa kiume anacheza capoeira, mchezo wa dansi na mapigano uliokuzwa na Waafrika waliofanywa watumwa nchini Brazil.

Na dansi, tofauti na maneno, inavuka mpaka. Adui haelewi unachoandika, lakini anakuona ukicheza. Ndiyo maana wachezaji wakaifanya kuwa ishara ya amani: sikupigi, usinipige. Hakuna aliyewaamuru. Walikatazwa kusemezana, wakasemezana kwa miguu. Kwa anayejua habari za Bronx, hapa ndipo Azeroth inapokaribia hip-hop kuliko mahali pengine popote, hata pale anayecheza anapocheza disko.

Nguzo iliyoachwa nje

Nguzo ya tano, maarifa, haikuingia. Mchezaji anayemwona Orc akicheza haambiwi kwamba dansi hiyo imetokana na Stanley Burrell wa Oakland, California, ambaye dunia inamjua kama MC Hammer. Anaona jitu linachekesha, basi.

Lafudhi nazo zinatuambia kitu. Binadamu wa Azeroth wanasema Kiingereza cha kawaida. Wale wafupi waitwao Dwarf wamepewa lafudhi ya Uskoti, kwa hiyo si Weusi peke yao walioazimwa. Lakini sauti ya Kijamaika, ile ya nyumbani kwa Kool Herc, wamepewa Troll: watu wa msituni, wenye waganga na mizimu, waliopangwa katika kundi la majitu. Wachezaji wengi wanawapenda Troll, na wanaoichagua Horde ni wengi mno. Hata hivyo ni halali kuuliza kwa nini, ilipotafutwa sauti ya kiumbe wa ajabu, ilichukuliwa ya watu hao.

Mtu anaweza kujibu kwamba hip-hop yenyewe imejengwa kwa kuazima. Ni kweli. Wimbo wa MC Hammer uliompa umaarufu, "U Can't Touch This", umetumia mdundo wa wimbo "Super Freak" wa Rick James wa mwaka 1981. Lakini tazama kilichofuata. Rick James alidai haki yake, jina lake likaandikwa kama mtunzi mwenza, na wimbo huo ulipopata tuzo ya Grammy mwaka 1991, naye alikuwa miongoni mwa waliotuzwa. Aliyeazimwa alitajwa na kulipwa. Katika hip-hop kuchukua mtindo wa mwenzako ukajifanya ni wako ni aibu. Vijana wa Bronx walikuwa na neno lake, wakisema fulani "ameuma" mtindo wa fulani.

Dansi ilipoanza kuuzwa

Katika World of Warcraft dansi hizo huja na gemu, hazilipiwi moja moja. Mambo yalibadilika na gemu la Fortnite la kampuni ya Epic Games, lililotoka mwaka 2017. Humo dansi ni bidhaa. Mchezaji analipa ili mtu wake aweze kucheza mtindo fulani.

Mwezi Desemba 2018 mwanamuziki 2 Milly wa Brooklyn aliishtaki Epic Games, akisema mtindo wake wa Milly Rock unauzwa ndani ya gemu kwa jina jingine. Mwigizaji Alfonso Ribeiro naye alishtaki kuhusu dansi aliyoifanya katika tamthilia ya The Fresh Prince of Bel-Air. Kesi hizo hazikufika mwisho. Mwezi Machi 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri jingine, kwamba mtu hawezi kufungua kesi ya hakimiliki kabla kazi yake haijasajiliwa, na walalamikaji wakaondoa kesi zao. Ombi la Ribeiro la kusajili dansi yake lilikuwa limekataliwa kwa sababu hatua chache rahisi hazihesabiwi kuwa utunzi kamili wa dansi.

Ugumu uko hapo. Dansi nyingi za mtaani ni fupi, na ufupi huo ndio unaozifanya zienee. Sheria inalinda utunzi mrefu uliopangwa, na inaviacha vile vipande vidogo ambavyo watu hukumbuka. Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa: mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Marekani iliruhusu kesi ya mtunzi wa dansi Kyle Hanagami dhidi ya Epic Games iendelee, ikisema dansi isipimwe kwa kuhesabu mkao mmoja mmoja tu.

Je, hip-hop imo au haimo?

Mwili wake umo, na kazi yake ya kwanza imo pia, ya kuwapa maadui njia ya kushindana bila kuumizana. Mwili uliwekwa na kampuni. Kazi hiyo iliongezwa na wachezaji wenyewe. Majina ya waliobuni ndiyo yaliyobaki nje ya lango.

Huenda wewe msikilizaji hutawahi kuingia Azeroth. Lakini magemu ya simu kama Free Fire yana dansi zake, na watoto wanaziiga uani bila kujua zimetoka kwa nani. Kwa upande mwingine, ngoma zetu zinarekodiwa kila sherehe na kurushwa mtandaoni, mara nyingi bila neno lolote. Ukirekodi kikundi cha ngoma, anza kwa kutamka ndani ya video jina la kikundi, kijiji na mwaka, na mtaje aliyebuni mtindo kama anajulikana. Haitoshi kushinda kesi mahakamani. Lakini siku hatua hizo zitakapoonekana miguuni mwa jitu la kijani mahali fulani, atakayeuliza zimetoka wapi atapata jibu.