Mgodi hudai ushuru wa dizeli, mwenye basi je?
Basi la Shinyanga kwenda Geita kupitia Kahama linakunywa dizeli, na malori ya mgodi wa GGM vilevile. Tofauti iko kwenye kodi. Kwa mkataba wake na Serikali, GGM hutumia mafuta kwanza, kisha hupeleka madai ya kurudishiwa ushuru. Madai hayo huhakikiwa, hivyo hela hazirudi kesho yake.

Mwenye basi hana pa kudai. Analipa yote kituoni, ikiwamo Sh100 kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021 na Sh100 nyingine ya 2023.

Apandishe nauli? Hajiamulii. EWURA hutangaza bei ya mafuta kila mwezi, ila ukomo wa nauli hupangwa na LATRA. Dizeli ikipanda leo, anaumia yeye mpaka LATRA itangaze nauli mpya. Hapo sasa unaumia wewe abiria.