Je, Wajua? Fyuzi Nzima, Soketi Inaungua

Waya uliolegea ndani ya soketi unaweza kuwasha moto huku fyuzi ikiwa nzima kabisa. Fyuzi hukatika umeme unapozidi kiwango, na kiungo kilicholegea hakizidishi chochote. Kinapata joto tu, mpaka plastiki inageuka kahawia na kutoa harufu kama ya samaki. Mtu anakagua jikoni, kumbe tatizo liko ukutani.

Balbu ya kizamani ya wati 60 hula miliampea 250 hivi kwenye volti 240. Lakini swichi ya kinga dhidi ya kupigwa shoti hukata umeme ukivuja miliampea 30 tu, kwa sababu zaidi ya hapo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Fyuzi ya ampea 13? Haina habari.

Wengine huweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Taa zinawaka, kweli, ila kinga imekwisha.

Na ile ekstensheni ya gurudumu ya karakana: nyingi hubeba ampea 13 zikikunjuliwa zote, lakini 5 hivi tu zikiachwa zimeviringwa. Mizunguko ya ndani ya waya ndiyo huanza kuyeyuka.