Unacheza mpira Nakivubo? Usiiache kemia

Swali hili hutoka kwa wazazi na vijana wanaoishi Kampala: mtoto ana kipaji cha mpira, je, aache shule afuate timu? Tunazungumzia Nakivubo ya Kampala, kwenye uwanja uliobomolewa 2017 na kujengwa upya karibu na soko la Owino, si Nakivale ya Isingiro. Majina hayo huchanganya wengi.

Jibu fupi ni kwamba si lazima uchague kimoja. Mfano mzuri ni wa zamani na wa mbali kidogo. Les Horvath alisoma udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, huku akicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi. Mwaka 1942 timu ya chuo chake ilikuwa bingwa wa nchi nzima. Mwaka 1943 hakucheza hata mechi moja. Ilikuwa wakati wa vita, naye alikuwa akisoma meno katika mpango wa jeshi ambao haukuruhusu wanafunzi wake kucheza. Mwaka 1944 kocha alimwita tena. Timu ilishinda mechi zote 9, na Horvath akapewa tuzo ya Heisman, ambayo ni ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Aliipata ingawa hakucheza msimu uliotangulia. Baadaye alicheza mpira wa kulipwa kwa misimu 3 tu. Kazi iliyomlisha baada ya hapo ilikuwa ya meno, huko California.

Hapa Uganda tulikuwa na Dkt. Martin Aliker, mmoja wa madaktari wa meno wa kwanza wazawa, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, 1959. Yeye hatumtaji kwa mpira. Tunamtaja kwa sababu utawala wa Idi Amin ulipomfanya mkimbizi, aliishi Nairobi na kuendelea na kazi yake ya meno. Ujuzi alivuka nao mpaka.

Sasa, wewe ufanye nini? Shahada ya udaktari wa meno pale Makerere huchukua miaka 5, na lazima uwe umefaulu Biolojia na Kemia kidato cha sita. Masomo hayo huchaguliwa mapema, kwa hiyo ukiyaacha ukiwa na miaka 16 ili upate muda wa mazoezi, kurudi ni kazi kubwa. Kama ulisoma Kongo, Burundi au kwingine, vyeti vyako vya sekondari hulinganishwa na UNEB. Vya chuo, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Anza mapema, kabla dirisha la maombi ya chuo halijafunguliwa.

Kuhusu karo, wakimbizi wanaweza kuomba ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992. Uliza kwanza kama kozi ndefu kama ya meno inakubaliwa mwaka huo. Raia wa Uganda wana njia nyingine: vyuo vikuu vya umma hutenga baadhi ya nafasi za ufadhili wa serikali kwa wanamichezo, lakini alama za S6 bado zinahitajika. Mguu peke yake hauingii chuoni.

Na tahadhari moja, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko yote. Akija mtu anayejiita wakala, akasema atampeleka mtoto wako kucheza Ulaya au Uarabuni ukimlipa kwanza, usitoe pesa. Kanuni za FIFA zinakataza kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 katika nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Mwombe barua ya klabu, ipeleke kwa shirikisho la mpira, FUFA, waithibitishe. Usimkabidhi vyeti halisi wala kitambulisho cha ukimbizi, nakala inatosha. Fomu za DAFI nazo hazina malipo, na anayekudai chochote kwa ajili yake, mripoti UNHCR au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.