Upimaji wa Vyombo vya Mvuke: Kwa Nini Chuma Huvimba Kidogo Kidogo

Watumishi wanaosimamia mitambo ya mvuke, pamoja na wananchi wanaofanya kazi karibu nayo, wamezoea kuona boila ikijazwa maji na kutiwa shinikizo linalozidi lile la kazi. Chombo kisipovuja huhesabiwa kuwa ni kizima. Kipimo hicho ni cha lazima lakini hakitoshi, kwani hufanywa chuma kikiwa baridi. Madhara yanayoelezwa hapa huletwa na joto linalopanda na kushuka mara nyingi.

Chuma kikipata joto hutanuka. Bomba la mita 1 likiongezewa nyuzi 100 za Sentigredi hurefuka kwa milimita 1.2 hivi. Likizuiliwa lisirefuke, hujibana kwa nguvu inayokaribia kikomo cha ustahamilivu wa chuma laini cha kawaida. Ndivyo ilivyo katika ukuta wa boila: upande wenye moto hutaka kutanuka, na ule wenye ubaridi huuzuia. Wakati huo huo mvuke unausukuma ukuta kwa nje. Nguvu hizo mbili zikikutana, chuma huweza kupita kikomo chake na kisirudi kilivyokuwa.

Mwaka 1967 mtaalamu J. Bree wa Uingereza alichapisha hesabu za mabomba yenye ukuta mwembamba ya vinu vya nyuklia, yenye shinikizo ndani na yanayopashwa moto na kupozwa kwa zamu. Hesabu hizo zilionyesha kuwa chuma huweza kurudi katika umbo lake. Au kubadilika mwanzoni kisha kikatulia. Au kukunjwa huku na huku mpaka kikachoka. Au kuvimba kila mzunguko bila ya kusita.

Katika maabara, bomba hutiwa shinikizo lisilobadilika, likapashwa moto na kupozwa mara nyingi, na kipenyo chake hupimwa kila baada ya mizunguko. Kinachotazamwa zaidi ni mwenendo wa nyongeza. Zikipungua hadi kwisha, chuma kimetulia. Zikiendelea kuwa sawa, hata zikiwa ndogo mno, chombo kina siku zake: bandu bandu huisha gogo.

Hapa Visiwani mvuke hutumika katika Kiwanda cha Makonyo, Wawi, Pemba, na katika vyombo vya kutakasia zana za hospitali, ambavyo kwa kawaida hufikishwa nyuzi 121 kila vinapotumiwa. Kwa hivyo wasimamizi wa vyombo vya aina hii wanashauriwa:

1. Kuandika katika daftari kila chombo kinapowashwa na kuzimwa.

2. Kupandisha na kushusha joto taratibu, na kutotia maji baridi katika boila iliyokaukiwa na maji huku ikiwa na moto.

3. Kupima kipenyo chombo kikiwa baridi, mahali pale pale palipotiwa alama, na kulinganisha na vipimo vilivyotangulia.

Mwenye daftari hilo ataona uvimbe ungali wa nywele. Asiyekuwa nalo huenda akaujua siku ukuta unapopasuka, na watu wamesimama mbele yake.