Friji inapiga shoti, breka haijashuka: tatizo liko wapi?

Swali hili hutufikia sana wakati wa kiangazi, kutoka Runzewe na vijiji vya jirani hapa Bukombe. Ukigusa mlango wa friji unapigwa shoti, lakini sakiti breka imebaki juu. Je, breka ni mbovu?

Mara nyingi breka ni nzima. Kazi yake ni kulinda nyaya. Umeme wa TANESCO unaingia nyumbani ukiwa na volti 230, na birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ukichomeka birika na pasi kwenye ekstensheni moja yenye waya mwembamba, waya unapata joto, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia hapo. Breka ya ampea 16 imewekwa kuzuia nyaya za nyumba zisipate joto la namna hiyo. Mtu naye huuawa na umeme mdogo sana: sehemu chache tu za mia za ampea moja zikipita kifuani zinatosha. Kiasi hicho breka haikihisi.

Anayekulinda wewe ni ule waya wa kijani na njano, ethi. Unaunganisha bati la friji, pasi au pampu na fimbo iliyochimbiwa ardhini. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bati, umeme unapata njia ya kukimbilia ardhini. Bila ethi, bati linakaa na umeme likisubiri mkono. Mkono ukiwa na maji na miguu ikiwa peku, hali ni mbaya zaidi. Wachimbaji wanaoendesha pampu kwenye mashimo yenye maji wako kwenye hatari hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye udongo. Ardhi ikikauka haipitishi umeme vizuri. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 50: gawanya 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 16 haiwezi kushuka kwa kiasi hicho, na bati linabaki na umeme.

Ndiyo maana tunashauri kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata chini ya nusu sekunde. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, kisipokata, kibadilishwe.

Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, kwa hiyo wengi hubana pesa kwenye wayaringi. Ethi ndiyo huachwa kwanza, kwa sababu taa zinawaka hata bila hiyo. Wengine hukata kipande kifupi cha nondo na kukiita fimbo! Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwambie apime ethi kwa mita ukiwa umesimama hapo.

Friji inayopiga shoti izimie kwenye swichi ya ukutani, kisha uichomoe leo, bila kugusa bati. Usikubali fundi akuwekee breka kubwa zaidi. Nyaya zako zitaungua kabla haijashuka.

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima mein swichi kwanza. Kama iko mbali, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu, kisha awahishwe hospitali hata akisema yuko salama, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.