Mguu Mmoja wa Mzee Unapovimba

Katika mambo yote yanayoifanya damu igande ndani ya vena, yaani mishipa inayoirudisha damu kwenye moyo, hakuna linalouzidi umri kwa nguvu, na hesabu zilizokusanywa Ulaya na Amerika Kaskazini zinalionyesha jambo hilo waziwazi: kwa mwaka mmoja, maradhi haya humpata takriban mtoto mmoja kati ya 100,000, kijana mmoja kati ya 10,000, mtu wa makamo mmoja kati ya 1,000 na mzee mmoja kati ya 100. Hata hivyo, katika vijiji vya Wilaya ya Uyui, ambayo makao yake makuu yako Isikizya, kaskazini mwa mji wa Tabora, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, mguu wa bibi au babu ukijaa ghafla mara nyingi husemwa kuwa ni uzee tu, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu uzee hauvimbishi mguu mmoja ukauacha wa pili.

Elimu ya tiba, kwa kufuata msingi uliowekwa na daktari Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1856, inataja visababishi vitatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Umri huingia kwa milango yote mitatu. Kadiri miaka inavyosonga, protini zinazogandisha damu, hasa fibrinojeni na ile iitwayo fakta ya 8, huongezeka. Kuta za vena hukakamaa. Na vali, yaani vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini baada ya kupandishwa, huwa nene na nzito. Nyuma ya kila kilango kuna kifuko ambamo damu huzunguka taratibu na oksijeni hupungua, na ni humo ambamo bonge la damu huanza kujengeka kabla ya kuenea na kuziba mshipa wote.

Kinachoizuia damu isituame ni misuli ya shavu la mguu, ambayo hujikaza kwa kila hatua na kuisukuma juu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, hadi Bagamoyo walikuwa na taabu nyingi, lakini misuli hiyo haikulala. Leo safari ya kwenda pwani hufanywa kwa basi, abiria akiwa amekunja magoti kutwa nzima. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini zaidi ya saa 4, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza hatari ya damu kuganda kama mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Kwa mzee ambaye misuli yake imekonda hali si hiyo, na si lazima asafiri: kukaa kwenye mkeka tangu asubuhi hadi jioni akichambua majani ya tumbaku kabla ya soko kunatosha kuilaza misuli hiyo.

Njia ya misafara ina kumbukumbu yake ya damu iliyoganda. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyewahi kukaa Kwihara karibu na Tabora, alifariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo, akiwa na miaka 60, baada ya kubebwa kwa machela siku zake za mwisho, na wenzake walioupasua mwili ili kuuhifadhi walisimulia kwamba waliona upande wa kushoto donge la damu lenye ukubwa wa kiganja. Donge kubwa kiasi hicho haliwezi kuwa la ndani ya vena, kwani vena kuu ya mguu haizidi unene wa kidole; yaelekea ilikuwa damu iliyovuja. Lakini kulala muda mrefu, kuharisha na kukaukiwa maji, yaliyomsumbua yeye, ndiyo hayohayo yanayoigandisha damu ya mzee aliyelazwa kwa nimonia au aliyevunjika nyonga, na ni afadhali wauguzi na jamaa wamwinue mgonjwa wa namna hiyo mapema kuliko kumwacha apumzike mno.

Hatari kubwa iko katika kumeguka kwa bonge. Bonge likikatika husafiri hadi kwenye mapafu, na mgonjwa huishiwa pumzi ghafla, huchomwa kifuani au hukohoa damu, ila mzee huweza kuzimia au kuchanganyikiwa tu bila kulalamika maumivu. Ndiyo maana desturi ya kuuchua na kuukanda mguu uliovimba kwa maji ya moto inafaa iachwe kabisa hadi mgonjwa apimwe kwa ultrasaundi, na kwenye dirisha la wazee hospitalini, ambako shinikizo la damu na sukari hupimwa, miguu nayo inastahili kutazamwa. Bonge lisilo na sababu laweza pia kuwa dalili ya kwanza ya saratani.

Tiba huanza kwa heparini, sindano inayozuia bonge lisikue, pamoja na vidonge vya warfarini, ambavyo huhitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa vikizidi humtoa mzee damu na vikipungua havina kazi. Kisamvu, mlenda na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, vina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Mgonjwa haambiwi aviache, bali ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Dawa mpya kama rivaroksabani hazidai kipimo hicho, lakini hutegemea figo, nazo figo huzeeka pamoja na mwenyewe, hivyo hupimwa kwanza. Matibabu huchukua miezi 3 kwa uchache, na hayakatishwi kwa sababu tu uvimbe umenywea.